Kabla Dawa Mpya Haijafika Osiri

 Nawasalimu ninyi wa Osiri Matanda na machimbo yote ya dhahabu ya Nyatike, huku Migori. Nawasalimu wavuvi wa Karungu, Sori na Muhuru mnaotayarisha taa za kuvulia omena, na majirani zetu wa Homa Bay, kuanzia Ndhiwa mpaka Mbita, mpaka Rusinga na Mfangano. Ndugu zetu Wakuria na Wasuba, karibuni pia. Kazi yangu ni ya maabara, na nafasi hii nimepewa nizungumze nanyi juu ya swali moja: dawa mpya ya kuua bakteria hupimwaje kabla haijafika mdomoni mwa mgonjwa? Na swali hilo lina mwenzake, ambalo ndilo linaloninyima raha: dawa hiyo ikishafika huku kwetu, ni nani anayeendelea kuipima?

Mfano wangu mkubwa leo utakuwa kifua kikuu, TB. Kwa nini TB? Tazameni maisha ya machimboni. Kijana anashuka shimoni, anavunja mwamba, mawe yanapandishwa juu kwa kamba. Huko juu kuna mashine za kusaga, na kuna akina mama wanaoyaponda kwa nyundo, wengine wakiwa na mtoto mgongoni. Vumbi la mawe hayo lina silika. Silika ikikaa mapafuni miaka na miaka huyadhoofisha, na bakteria wa TB hupata pa kukaa. Usiku watu kadhaa wanalala chumba kimoja cha mabati, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu na wezi. Tena kaunti zetu hizi mbili, Migori na Homa Bay, ni miongoni mwa zile zilizoathiriwa zaidi na virusi vya Ukimwi katika Kenya nzima, na mwenye virusi asiyetibiwa hushikwa na TB kwa urahisi mno. Vumbi, msongamano na virusi vinakutana mahali pamoja. Kwa hiyo nikizungumza juu ya dawa mpya za bakteria nikaiacha TB, nitakuwa nimewazungumzia watu wengine, si ninyi.

Lakini kwanza niwaingize maabara, muone kazi yenyewe.

Tuanze na bakteria anayekua haraka, yule anayeitwa E. koli, ambaye mara nyingi ndiye anayeleta maambukizi ya njia ya mkojo. Mama ameleta mkojo wake, tumeotesha bakteria, wamepatikana. Sasa tunataka kujua ni dawa gani itakayowaua. Tunawachukua kidogo, tunawakoroga katika maji ya chumvi mpaka maji yapate ukungu wa kiwango maalumu, si zaidi, si pungufu. Tunachovya kijiti cha pamba, tunakikamua ukingoni mwa chupa, kisha tunapaka juu ya sahani ndogo yenye agari, chakula cha bakteria kilichogandishwa, kina chake milimita 4. Tunapaka mara tatu, kila mara tukiizungusha sahani, pasibaki pengo hata dogo. Halafu tunaweka juu yake vikaratasi vya duara, kila kimoja upana wa milimita 6 tu, na kila kimoja kina dawa yake. Sahani inaingia katika kabati la joto la nyuzi 35, inalala humo usiku kucha.

Asubuhi ukifunua kifuniko unapokewa na harufu nzito, ambayo mtu wa maabara huizoea lakini haisahau. Uso wote wa sahani umefunikwa na utando wa kijivu. Hao ni bakteria, mamilioni kwa mamilioni. Ila kuzunguka baadhi ya vikaratasi pana duara safi, pamebaki wazi kabisa, kwa sababu hapo dawa imesambaa na bakteria wameshindwa kukua. Tunachukua rula, tunapima duara. Kwa dawa ya sipro na huyu E. koli, duara likiwa milimita 26 au zaidi, dawa itamsaidia mgonjwa. Likiwa 21 au chini ya hapo, bakteria huyo ni sugu. Na zipo sahani, wasikilizaji, ambazo utando umekwenda moja kwa moja mpaka ukaigusa karatasi. Hakuna duara hata kidogo. Nikiona sahani ya namna hiyo huwa nafikiria pesa alizotumia yule mama kununua sipro kabla ya kuja kwetu, na siku alizoendelea kuumwa.

Dawa mpya kabisa, ambayo hata jina haijapewa, huanzia hapo hapo. Wanasayansi huipunguza nguvu nusu kwa nusu, katika vijishimo vingi vya chakula cha majimaji, wakitafuta kiasi kidogo kabisa kinachoweza kuwazuia bakteria wasikue. Kila siku ya kupima huwekwa pembeni bakteria wa kulinganishia, ambao tabia yao inajulikana dunia nzima. Hao wakionyesha majibu yasiyotarajiwa, kazi ya siku hiyo inatupwa yote, inaanzwa upya. Hakuna kukisia.

Sasa mtu ataniuliza: basi ikishawaua kwenye sahani si imetosha? Haijatosha. Jik ya kufulia inaua bakteria wote wa kwenye sahani. Je, utampa mgonjwa Jik anywe? Kuua bakteria si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kumuua bakteria ukamwacha mtu mzima. Kwa hiyo dawa hujaribiwa juu ya chembe hai za binadamu ndani ya maabara, kuona kama inazidhuru. Hupewa panya walioambukizwa. Huangaliwa kama tumbo linaipokea, kama ini linaiharibu kabla haijafika kwenye ugonjwa, kama inaufikia ugonjwa mahali ulipojificha. Baadaye hupewa watu wachache wenye afya waliokubali, kisha wagonjwa wachache, kisha wengi. Dawa nyingi huanguka njiani. Narudia: dawa nyingi huanguka njiani, na zinapoanguka huko sisi tumeokolewa.

Na zipo zinazovuka vizingiti vyote kisha zinaangushwa na fedha. Kampuni moja ya Marekani, Achaogen, ilipata kibali cha antibayotiki yake mpya, plazomisini, Juni 2018. Aprili 2019 kampuni hiyo ikawa imefilisika. Dawa ya kuua bakteria hutumiwa kwa siku chache, tena ile mpya hufichwa iwe akiba ya wagonjwa mahututi, basi mauzo yake ni madogo. Ndiyo sababu kampuni nyingi kubwa zimeikimbia kazi hii, na ndiyo sababu dawa mpya ni chache kuliko mnavyodhani. Lakini hilo lina saa yake, turudi kwa TB.

Bakteria wa TB ni mtu mwingine kabisa. E. koli akishiba vizuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Wa TB hujigawa mara moja kwa siku, au karibu na hapo. Kwa hiyo sahani ya usiku mmoja haitufai. Humwotesha katika chupa ndogo zenye chakula kilichopikwa kwa mayai ya kuku, gliserini na rangi ya kijani. Chupa hulazwa mshazari chakula kigande, makohozi yaliyosafishwa yanadondoshewa juu, na kusubiri kunaanza. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Wiki ya tatu au ya nne pengine unaona vijipunje vikavu, vimekunjamana, vya rangi ya krimu. Na chupa isiyo na kitu hatuitupi mpaka itimize wiki nane. Mashine za kisasa zinazotumia chakula cha majimaji zimefupisha muda, lakini nazo husubiri mpaka wiki sita kabla ya kusema hapana.

Fikirieni basi: kama kumwotesha tu ni wiki nyingi hivyo, kupima dawa mpya juu yake ni kazi ya miaka mingapi?

Hapa nataka kuwaeleza jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni, na lingetufaa sana. Wale mnaotumia au mliotumia dawa za TB za miezi sita, mnajua zilithibitishwa wapi? Si London peke yake, wala si Marekani. Zilithibitishwa hapa Afrika Mashariki.

Zamani mgonjwa wa TB alikunywa dawa miezi kumi na minane. Mwaka mmoja na nusu. Wengi waliziacha njiani mara tu walipopata nafuu, na ugonjwa ukawarudia. Majaribio ya panya yaliyofanyika Marekani na Ufaransa yalikuwa yameonyesha kwamba dawa mbili, rifampisini na pirazinamidi, zinaweza kuwamaliza hata wale bakteria wachache wanaojificha wakiwa kama wamelala. Lakini panya ni panya. Mwaka 1970 madaktari wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walianza jaribio kwa wagonjwa wenyewe. Kutoka Uingereza kazi iliongozwa na Daktari Wallace Fox, na bingwa wa upande wa maabara alikuwa Denis Mitchison. Wagonjwa walikaa wodini wakapewa sindano ya streptomaisini na vidonge vya isoniazidi kwa miezi sita. Kundi moja likaongezewa rifampisini, jingine pirazinamidi, na kundi jingine halikuongezewa hata moja kati ya hizo mbili.

Mnaona jambo hilo lilivyo? Baada ya miezi sita karibu kila mtu alionekana amepona. Ukimtazama kwa macho amenenepa, kikohozi kimekwisha, anataka kurudi shambani. Kama wangesimamia macho peke yake, wangesema dawa zote ni sawa. Lakini maabara ilikataa kunyamaza. Makohozi ya watu hao yaliendelea kuchukuliwa na kuoteshwa mwezi baada ya mwezi, hata baada ya dawa kwisha. Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza: waliopata rifampisini au pirazinamidi, ni wachache waliorudiwa na ugonjwa, wasiopata yoyote kati ya hizo, walirudiwa wengi zaidi. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, na majaribio mengine yakafuata. Leo, ukienda kliniki ya TB popote duniani, tiba ya miezi sita unayopewa imejengwa juu ya msingi huo. Wazee wetu walitoa makohozi yao ili dunia ipate tiba fupi. Sijaona mnara wao mahali popote, wala majina yao hatuyajui, ila mimi nikishika kikopo cha makohozi huwa nawakumbuka kwa heshima.

Miaka ikapita. Bakteria nao hawakukaa bure. Katika kila umati wa bakteria kuna wachache ambao dawa fulani haiwawezi. Mtu akiacha dawa katikati, au akipewa dawa moja badala ya mchanganyiko, wale dhaifu wanakufa, wale wachache wanabaki wakizaana peke yao. Ikaja TB sugu, isiyosikia rifampisini wala isoniazidi. Tiba yake ilikuwa mateso: karibu miaka miwili, pamoja na sindano za kila siku kwa miezi. Na sindano hizo ziliwaua masikio baadhi ya wagonjwa. Mtu alipona kifua akabaki kiziwi.

Ndipo tunafika kwenye dawa mpya yenyewe. Inaitwa bedakwilini. Ilianzia Ubelgiji, katika maabara ya kampuni ya Johnson & Johnson, na aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Koen Andries. Walifanya uamuzi wa busara. Badala ya kusubiri wiki kwa wiki bakteria wa TB akue, walitumia binamu yake asiyeleta TB na anayekua haraka, wakampitishia kemikali nyingi mno, moja baada ya nyingine. Moja ikamzuia. Walipoijaribu kwa bakteria wa TB mwenyewe, ikamzuia pia, hata wale waliokwisha kuwa sugu kwa dawa nyingine.

Lakini inawazuiaje? Wakafanya jambo la ajabu kidogo: wakawatafuta makusudi bakteria walioishinda dawa hiyo, wakalinganisha vinasaba vyao na vya wale walioshindwa. Tofauti ilionekana katika sehemu inayohusika na kutengeneza nguvu za bakteria. Kumbe dawa inaukaba mtambo unaompa bakteria nguvu, anakuwa kama posho mill iliyokatiwa stima: mahindi yapo, mawe yapo, lakini hakuna unga. Hakuna dawa nyingine ya TB iliyokuwa ikipiga hapo. Walitangaza ugunduzi huo mwaka 2005, na Desemba 2012 Marekani ikaipa kibali. Ilikuwa miaka karibu arobaini tangu dunia ipate dawa ya TB yenye njia mpya ya kuua.

Ikachanganywa na wenzake. Sasa kuna mchanganyiko wa dawa nne, zote vidonge, hakuna sindano: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Wale wa Homa Bay mnawakumbuka Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuja kwenye hospitali yenu wakaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wengine walisema Mwafrika hataweza kuzinywa kwa saa. Ni hao hao walioongoza jaribio la mchanganyiko huu katika Afrika Kusini, Belarusi na Uzbekistani. Waliopewa tiba mpya walifanikiwa karibu tisa kwa kila kumi. Kwa tiba ya zamani ilikuwa kama nusu tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaupendekeza mchanganyiko huo, na Kenya nayo ikaanza kuutumia. Miezi sita. TB sugu, miezi sita, bila sindano ya kuharibu masikio. Dawa hizi zina ukali wake, lazima moyo upimwe kwa ECG na damu iangaliwe, lakini ukilinganisha na tulikotoka, ni neema kubwa.

Na sisi huku, je, tumewahi kushiriki katika kupima? Ndiyo. Kati ya 2016 na 2019 hospitali za Kisii na Homa Bay zilishiriki utafiti ulioitwa Toto Bora, ukihusisha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na Chuo Kikuu cha Washington. Watoto 1,400 waliokuwa wakitoka wodini walipewa, kwa bahati nasibu, ama antibayotiki ya azithromaisini kwa siku tano, ama dawa isiyo na kitu ndani. Nia ilikuwa njema: watoto wengi hufariki miezi michache baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, basi labda dawa ingewakinga. Azithromaisini si mpya, lakini matumizi hayo yalikuwa mapya. Mpango wa utafiti ulitaka pia maabara iangalie kama dawa inawafanya bakteria wa watoto wawe sugu. Matokeo yalitolewa 2021: kufa na kulazwa tena hakukutofautiana. Wapo walioona kazi hiyo imepotea bure. Mimi naona kinyume. Jibu la hapana lililopatikana kwa haki limetuzuia kumwagia maelfu ya watoto dawa isiyowasaidia.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo maneno yangu yote yalipokuwa yakielekea.

Katika ule mchanganyiko wa dawa nne mmesikia moksifloksasini. Hiyo ina ndugu zake wa damu. Mmoja anaitwa levofloksasini. Mwingine mnamjua vizuri sana, anaitwa siprofloksasini. Sipro! Hiyo hiyo inayouzwa kwenye kemisti ya sokoni, nusu dozi, vidonge vinne ndani ya karatasi, bila cheti cha daktari. Mtu amekohoa wiki tatu, anapata joto jioni, anatoka jasho usiku. Anaambiwa una taifodi, au homa ya kifua, chukua sipro. Dawa hiyo inawagusa bakteria wa TB, inawapunguza kidogo. Mgonjwa anapata nafuu siku chache, anarudi shimoni. Kikohozi kinarudi, ananunua tena. Je, mnajua nini kinatokea mapafuni mwake? TB inatibiwa kwa dawa moja tu, tena kiasi kidogo, na dawa moja ndiyo shule ya usugu. Vilevile uchunguzi unachelewa, kwa sababu akija kupimwa bakteria wamepungua makohozini, pengine hawaonekani. Na siku atakapohitaji moksifloksasini, mlango umeshafungwa. Wale wanasayansi walihangaika miaka na miaka kuupata mchanganyiko huu, na sisi tunaweza kuutoboa kwa vidonge vinne vya sokoni.

Siwalaumu wachimbaji. Mtu analipwa kwa kile alichopata siku hiyo. Asiposhuka shimoni hali. Kemisti iko karibu, hospitali iko mbali na ina foleni. Wala wenye maduka sina ugomvi nao wote, kwani wengine husaidia watu usiku wa manane. Lakini sheria inasema antibayotiki ziuzwe kwa cheti cha daktari, na sheria hiyo haipo kwa ajili ya kuwaudhi wafanyabiashara.

Serikali zetu za kaunti nazo siziachi. Hospitali zetu zina mashine za GeneXpert, nashukuru. Ndani ya saa mbili hivi mashine hiyo inasema kama kuna TB na kama rifampisini itafanya kazi. Lakini kadi ya kawaida inayotiwa ndani ya mashine hiyo haisemi lolote juu ya bedakwilini. Kujua kama bedakwilini bado inaua kunahitaji kuotesha bakteria wenyewe au kusoma vinasaba vyao, na kwa hilo makohozi husafirishwa, mpaka maabara ya kitaifa ya rejea ya TB huko Nairobi. Afrika Kusini na Msumbiji tayari wamewapata bakteria walio sugu kwa bedakwilini. Dawa hiyo hukaa mwilini miezi mingi baada ya mtu kuacha kuinywa, ikipungua taratibu, na huo ndio muda ambao bakteria hujifunza. Kwa hiyo swali langu la mwanzo nalirudia: dawa imefika, ni nani anayeendelea kuipima huku kwetu? Kikopo kikikaa siku tatu juani kikisubiri pikipiki, makohozi yatajaa bakteria wengine, jibu litarudi halisomeki, na mgonjwa atakuwa ameshahama, yuko machimbo mengine, pengine amevuka kwenda Tanzania.

Mimi naamini, na nalisema bila kuuma maneno, kwamba kaunti yenye dhahabu ardhini haikosi uwezo wa kuwa na maabara ya kuotesha bakteria: kabati la usalama, umeme usiokatika, sanduku la baridi, dereva mwenye mafuta, na watu wawili watatu waliofunzwa wakalipwa kwa wakati. Bajeti ikiletwa kwa wananchi watoe maoni, tunauliza barabara na shule, na tuna haki. Hebu safari hii mmoja wetu asimame aulize: sampuli ya makohozi kutoka Osiri inachukua siku ngapi mpaka jibu lirudi? Aulize, kisha akae asubiri jibu la idadi ya siku, si la hotuba.

Kabla muda wangu haujaisha, niseme namna ya kutoa makohozi, kwa sababu hili ninyi wenyewe mnaliweza kesho asubuhi. Aliyekohoa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya cha umma. Kupimwa TB na dawa zake ni bure. Mwenye virusi vya Ukimwi asisubiri hata hizo wiki mbili, akikohoa tu aende. Utapewa kikopo chenye kifuniko. Asubuhi, kabla ya chai, sukutua kinywa kwa maji matupu. Toka nje penye upepo, mbali na watoto. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, uishikilie kidogo, kisha kohoa kutoka chini kabisa kifuani. Mate hatuyataki, hayana kitu. Tunataka kile kizito kinachotoka mapafuni, kijae kama kijiko kimoja cha chai. Funga kifuniko barabara, kipeleke siku hiyo hiyo, usikiache juani. Na kama umekunywa sipro au dawa yoyote wiki hizi, mwambie mhudumu. Usiogope kugombezwa. Sisi wa maabara tukijua, tutajua namna ya kulisoma jibu lako.

Juma lijalo, saa kama hii, atakuwepo muuguzi wa kliniki ya TB kujibu maswali yenu, hasa yale ya wanaotumia dawa wakiwa wanahama kutoka machimbo haya kwenda mengine. Yaandikeni, myatume mapema.